Diski Tano na Maneno ya Bibi Bun-i

Saa nne asubuhi, Tak Mun-seok yuko chini ya meza isiyo yake. Kinachoonekana ni nyayo mbili zenye soksi za kijivu na mkono mmoja unaonyooshwa nyuma kuomba bisibisi.

"Nani alifunga hizi waya?" anauliza akiwa hukohuko chini.

"Mume wangu," anajibu mwenye studio, mpiga video wa harusi aliyepanga chumba hiki cha ghorofani katika mtaa wa Daepyeong, kisiwani Yeongdo, hapa Busan.

"Basi tumsamehe. Kila mtu na kipaji chake."

Mwanamke anacheka. Mumewe, aliyesimama dirishani na kikombe cha kahawa, anajifanya hajasikia.

Mun-seok anatoka, anajipangusa vumbi magotini, na kuweka mezani sanduku jeusi la chuma, kubwa kama sufuria ya umeme ya kupikia wali. Mbele lina droo tano. Katika kila droo anasukuma diski moja, polepole, mpaka isikike ikikaa. Kila diski ameiandika namba kwa rangi nyeupe, na namba hiyohiyo ipo kwenye mdomo wa droo yake.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuwawekea watu wa video mahali pa kutunzia picha zao. Kamera za siku hizi zinakula nafasi. Harusi moja ya mchana hujaza diski ambayo zamani ingemtosha mtu mwaka mzima, na kompyuta haiwezi kubeba yote hayo tumboni. Kwa hiyo diski kadhaa huunganishwa ndani ya sanduku moja la nje, zikafanya kazi kama diski moja kubwa. Sanduku lenyewe mtu yeyote anaweza kulinunua. Kulipanga ndiko kunakomleta Mun-seok.

Kabla ya kugusa kompyuta huuliza maswali. Mnatumia kamera ngapi? Mnahariri wawili kwa pamoja au mnapokezana? Umeme wa jengo hili hukatika? Bibi harusi akirudi baada ya miaka mitatu, albamu yake imeungua, mtakuwa bado na video yake?

Leo ubishi uko kwenye nafasi. Mume anataka diski zote tano zijazwe picha, isipotee nafasi hata kidogo. Mun-seok anamwambia hilo linawezekana, tena sanduku litakimbia kuliko lolote alilowahi kutumia. Ila diski moja ikifa, zote zimekwenda nayo.

"Chukulia watu watano wamebeba meza," anasema. "Ukiwapanga ninavyokwambia mimi, mmoja akiteguka mguu, wanne wanaishikilia mpaka umlete mwingine. Ukiwapanga unavyotaka wewe, mmoja akiteguka, meza iko chini na supu imemwagika."

"Na wakiteguka wawili?"

"Wawili hata mimi nakimbia. Ndiyo maana mtaweka nakala nyingine mbali na hapa. Nyumbani kwa mama mkwe, kwa mfano. Pale hapaguswi na mtu."

"Kwa mama yangu mimi," anaingilia mke. "Si kwa mama yake."

Jambo limeamuliwa. Sanduku linapangwa Mun-seok anavyotaka. Linapowashwa, taa tano za kijani zinatokea mbele yake, naye anaweka kiganja juu ya bati na kutulia. Diski inayoanza kuugua, anasema, hutetemeka vibaya kabla kompyuta haijatoa habari zake. Sikio lake la kushoto halisikii sawasawa, kwa hiyo amekizoesha kiganja.

Mun-seok ana miaka hamsini na minne. Amezaliwa kisiwani hapahapa, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha meli. Kazi zilipopungua, watu wa umri wake ndio walioitwa ofisini kwanza.

"Siku ile walitupa chakula kizuri sana," anakumbuka. "Ukiona bosi anakuchagulia nyama kwa mkono wake, ujue imekwisha."

Alikaa nyumbani msimu mzima akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Kisha jirani yake, kijana anayepiga video za uvuvi za kuweka mtandaoni, akampigia kelele dirishani: umeme umepiga shoti, diski hazionekani. Mun-seok alizikuta zimerundikwa juu ya friji, kila moja na waya wake, kama nguo za kufua. Alitengeneza umeme kwanza. Halafu akaanza kuuliza kuhusu diski, na hajaacha kuuliza hadi leo. Alijiandikisha kwenye mafunzo ya wilaya ya watu waliopoteza kazi, akawa anakaa mstari wa mbele kwa ajili ya sikio lake.

Mwezi mzuri humpa kiasi cha won milioni mbili na nusu, chini ya mshahara wake wa zamani. Mwezi mbaya, kibanda cha keki za samaki cha mkewe, Gyeong-ran, ndicho kinachowalisha.

"Wateja wake wanamwita Bosi," anasema Gyeong-ran akigeuza vijiti vya keki hizo kwenye mchuzi unaochemka. "Akirudi hapa naye anabeba madumu ya mafuta kama watu wengine."

Mun-seok ana kanuni moja ambayo wateja wake wote wanaijua. Hatazami picha zao. Akimaliza kazi hufungua faili chache, mwanzo, katikati na mwisho, bila sauti, aone kama zinakwenda, kisha hufunga. Ndani ya masanduku yale, anasema, kuna harusi za watu, misiba ya watu, na watu wasiojua kucheza muziki. Hayamhusu.

Kiangazi cha mwaka huu aliivunja kanuni hiyo. Mtaani Daepyeong bado wanalizungumzia jambo lile, na wengi hulieleza vibaya, kwa hiyo ni vizuri lielezwe kama lilivyokuwa.

Bin Ji-ye ni mwongozaji wa filamu za maisha halisi. Alihamia Yeongdo akiwa bado hajafikisha miaka thelathini, kuja kuwapiga picha wanawake wa nyundo. Hao ni wale akina mama ambao, meli zilipopandishwa chelezoni kutengenezwa, walikaa juu ya ubao ulioning'inizwa kwa kamba ubavuni mwa meli na kugonga kutu siku nzima, ili wapaka rangi wapate chuma safi. Kelele za nyundo zao zilikuwa ndiyo sauti ya mtaa huu. Ndizo pia zilizowaziba masikio. Waliobaki ni wachache, na kila baada ya majira ya baridi kwenye jumba la wazee panaonekana mto mtupu wa kukalia.

Mama yake Mun-seok, Noh Deok-nam, ni mmoja wao. Ana miaka themanini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti kubwa ya mtu asiyejisikia anapozungumza. Mguu wake wa kulia anauburuta.

Sanduku la Ji-ye lilipangwa na Mun-seok mwenyewe, diski tano, mpango uleule wa watu waliobeba meza. Alimsihi pia kwamba kila akipiga picha mpya, anakili kwenye diski nyingine na kuipeleka kwa dada yake ng'ambo ya daraja. Ji-ye alifanya hivyo kwa miaka miwili bila kukosa. Majira ya kuchipua mwaka huu kazi zikafuatana. Akawa anahamisha picha kutoka kwenye kadi za kamera kwenda kwenye sanduku, anafuta kadi ili azitumie tena, na nakala ya pili anaiahirisha mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na mambo yake.

Siku ya mkasa, mvua zilikuwa zimekatika na joto lilikuwa halivumiliki. Sanduku lilianza kulia mlio wa vipande vipande, na kompyuta ikasema diski ya nne imekufa. Hilo peke yake lisingekuwa balaa. Angeitoa, akaweka mpya, akaendelea. Lakini taa za sanduku alikuwa ameziziba kwa mkanda mweusi kwa sababu zilimulika skrini yake, na diski wakati huo hazikuwa na namba. Ji-ye alihesabu kuanzia upande usio wake. Akavuta diski iliyo salama, sanduku likiwa linafanya kazi.

Watu wawili wakawa wameachia meza.

Kila kitu kilipotea kwenye skrini. Mahali pake ukaja ujumbe mfupi: diski hizi hazisomeki, je, zifutwe na kuandaliwa upya? Rafiki aliyempigia simu alimshauri akubali, kisha watatafuta programu ya kurudisha. Mshale wa kipanya ulikuwa tayari juu ya neno "ndiyo" alipoamua kwanza amuulize Mun-seok.

Mun-seok alikuwa kibandani anamwaga mafuta machafu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwongozaji, toa mkono kwenye kipanya," alimwambia. "Umetoa? Uweke mapajani. Sasa simama, zima sanduku, usiguse kingine chochote. Halafu kanywe maji."

Alifika akiwa bado amevaa aproni yenye harufu ya samaki. Ji-ye anasema alitegemea kugombezwa, na angefurahi kugombezwa, lakini Mun-seok aliketi sakafuni, akaomba mkanda wa karatasi, akaanza kuandika namba kwenye kila diski kwa mpangilio zilivyokuwa. Alipomaliza ndipo alipouliza ni picha zipi ambazo hazina nakala kwingine.

Ji-ye alimweleza. Zilikuwa ni za majira ya kuchipua, na katika hizo kulikuwa na kikao kimoja ambacho hakingeweza kurudiwa. Wanawake wawili waliowahi kufanya kazi kwenye ubao mmoja, wamekaa pamoja kwenye benchi nje ya jumba la wazee. Mmoja wao, Ma Bun-i, alifariki mvua zilipoanza. Alikuwa hapendi kupigwa picha, na familia yake ilibaki na ile ya kitambulisho tu. Binti yake, Sang-mi, alikuwa ameomba kipande chochote chenye uso na sauti ya mama yake, akionyeshe kwenye ibada ya siku ya arobaini na tisa tangu kifo, kwa desturi ya Kibudha. Ji-ye alikwishamwahidi.

"Na huyo mwingine ni nani?" Mun-seok aliuliza.

Ji-ye alimshangaa. "Ni mama yako, Bosi. Hakukwambia?"

Mama yake alikuwa amemwambia kwamba siku ile anakwenda kumenya vitunguu saumu.

Mun-seok anasema majina hayo mawili hayakuwa yakikaa pamoja. Deok-nam na Bun-i walikuwa hawajasemezana tangu yeye yuko shule ya kati.

Kwenye ubao walikaa wanawake wawili, mmoja huku na mmoja kule, na uzito wa mmoja ulimsaidia mwenzake. Anayetaka kushuka alitakiwa aseme, asubiri mwenzake ashike kamba. Siku moja Bun-i alishuka. Ubao uliinama na Deok-nam akaanguka hadi kwenye sakafu ya chelezo. Alibebwa mgongoni hadi nyumbani akiwa amevunjika nyonga, na tangu siku ile alikuwa na sentensi moja tu kuhusu Bun-i: alishuka bila kuniambia. Bun-i alikuja mlangoni na chungu cha uji. Mun-seok ndiye aliyetumwa kukirudisha, kifuniko hakijafunguliwa. Walipozeeka wote wawili, kwenye jumba la wazee mmoja alikaa dirishani na mwingine mlangoni, na wenzao walizoea kupitisha chai ya shayiri kwa njia ya kuzunguka.

Kwa nini basi walikubali kukaa benchi moja? Ji-ye anasema ni Bun-i aliyeomba. Deok-nam alikataa mara kadhaa, kisha asubuhi moja akatokea amevaa fulana yake ya zambarau, akasema anakuja kwa sababu ameambiwa kutakuwa na chakula.

Mun-seok alilifunga sanduku kwenye blanketi na kulipeleka kwenye chumba cha nyuma ya kibanda. Hakufanya kazi juu ya diski zenyewe. Alinunua nyingine mpya na kuanza kunakili kila moja ilivyo, nzima na mbovu, ili akikosea akosee kwenye nakala. Ile iliyokufa aliiacha kando. Nne zilizobaki, zikikubali zote, zingetosha kuinyanyua meza.

Tatu zilikubali. Ya tano ilifika mahali ikaanza kusuasua, na Mun-seok alipoishika ilikuwa inatetemeka.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema. "Ningeilazimisha ingekufa mkononi mwangu. Nilizima, nikaiacha ipoe, nikaielekezea feni ya jikoni. Nikarudi nikachukua zile sehemu nzuri kwanza. Sehemu mbaya nikazichukua kidogokidogo, naizima, naisubiri, naiwasha."

Gyeong-ran anasema siku hizo mumewe alikula bila kujua anakula nini. Ji-ye naye hakuweza kukaa kwake. Alikuja kila asubuhi na tikiti maji, akaketi mbele ya kibanda, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa bure mbele ya kibanda chenye foleni, akaishia kuuza.

"Aliuza kuliko mimi," anasema Gyeong-ran. "Wanafunzi wa sekondari walikuwa wananunua mara mbili."

Deok-nam alipita siku moja akamkuta. Alisimama barabarani na kuuliza, kwa ile sauti yake ya kusikika hadi gatini, msichana wa kamera anafanya nini pale. Mkwewe alimwandikia kwenye kiganja kwamba anajifunza biashara. Deok-nam alimtazama Ji-ye juu hadi chini, akasema kamera ilikuwa inamfaa zaidi, akachukua keki yake ya samaki akaenda. Hakuna aliyemwambia habari za diski.

Diski ya tano ilimaliza kunakiliwa mchana mmoja wa Jumapili. Mun-seok aliziunganisha zile nakala, akasubiri, na mafolda ya Ji-ye yakajitokeza kwenye skrini moja baada ya jingine, yamepangwa kwa majira. Ji-ye alikaa chini palepale mlangoni akaufunika uso wake. Mun-seok aliendelea na utaratibu wake. Alifungua faili chache za majira ya kuchipua bila sauti. Mwanzo unakwenda, katikati panakwenda.

Faili ya tatu ilikuwa ni ya benchi. Mama yake na Bun-i, magoti yanagusana, nyuma yao ukuta wenye jua. Bun-i alikuwa anazungumza, naye mama yake Mun-seok anaitikia kwa kichwa.

Alipaswa kufunga, anasema, na kidole kilikuwa tayari kufunga. Badala yake akaongeza sauti.

"Deok-nam," Bun-i alikuwa anasema, taratibu, macho kwenye mikono yake. "Siku ile mimi nilikuita. Nilikuita mara mbili nikasema nashuka. Watu wa chini walinionyesha kwa mikono kwamba Sang-mi kaanguka majini. Nilikuangalia, nikaona unaitikia kwa kichwa. Nikajua umesikia."

Deok-nam aliitikia kwa kichwa.

"Kweli," akasema, "mwaka huu kabichi zimepanda bei sana."

Bun-i alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya goti la Deok-nam na kuuacha hapo.

"Zimepanda kweli," akasema.

Mun-seok alirudisha nyuma, akageuza sikio lake zima, akasikiliza tena. Anaujua uitikiaji ule wa kichwa. Mama yake huufanya benki, huufanya hospitalini, huufanya hekaluni mbele ya mtawa. Maana yake ni kwamba hajasikia hata neno moja.

Ji-ye aliyasikia maneno yale siku ya kupiga picha, kwenye visikilizio vyake. Alidhani ni kumbukumbu za wazee waliokwisha kuelewana zamani. Hakujua habari za nyonga wala za chungu. Mun-seok alipomweleza, wote wawili walibaki wanaitazama skrini iliyosimama kwenye ule mkono juu ya goti.

Swali lililobaki halikuwa la diski. Bun-i ameshazikwa. Je, bibi wa miaka themanini na mmoja aambiwe kwamba hasira aliyoibeba karibu nusu ya maisha yake haikuwa na mahali pa kukaa? Mun-seok alikuwa tayari kunyamaza. Alifikiri kunyamaza ndio upole. Alimuuliza mkewe wakati wanaosha sufuria.

"Yale maneno si yako," Gyeong-ran alimjibu. "Aliambiwa mama. Mpe."

Deok-nam alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, kwenye darasa la jioni la wilaya, na husoma kwa sauti, silabi moja moja. Ji-ye aliandika maneno ya Bun-i chini ya picha kwa herufi kubwa kadiri skrini ilivyoruhusu. Walimpelekea nyumbani kwake siku ya pili yake, mchana, yeye akiwa amekaa sakafuni anachambua maharage machanga.

Alipomwona Bun-i aliacha maharage. Akasogea mpaka pua ikawa karibu na kioo.

"Ni-li-ku-i-ta," alisoma. Akaendelea mpaka kwenye jina la Sang-mi, akalirudia. Yakaja maneno yake mwenyewe, yale ya kabichi, na hayo pia akayasoma mpaka mwisho.

"Rudisha," alimwambia mwanawe.

Mun-seok alirudisha. Alirudisha mara nyingi siku ile.

"Mimi nimemjibu kabichi," Deok-nam alisema hatimaye, bila kumwangalia mtu. "Naye kaniacha hivyohivyo. Kaona sijasikia, kaniacha na kabichi zangu."

Kisha akauliza Sang-mi anaishi wapi siku hizi.

Hakuwa ameenda kwenye mazishi ya Bun-i. Kwenye ibada ya siku ya arobaini na tisa alifika kabla ya wenye shughuli, akakaa mstari wa mbele. Kipande cha video kilionyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi mdogo wa hekalu, Bun-i akicheka, Bun-i akieleza namna ya kushika nyundo ili kidole kisipondwe. Sehemu ya benchi haikuwekwa. Deok-nam aliomba isiwekwe, na Sang-mi, ambaye alikuwa ameonyeshwa peke yake, alikubali.

Sang-mi ana miaka arobaini na mitano na anafundisha kuogelea. Hakuwahi kuambiwa na mama yake kwamba kuanguka kwake majini, akiwa na miaka mitano, kuliwahi kumvunja mtu mwingine mfupa.

"Baada ya ibada Bibi Deok-nam alinishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto mdogo," anasimulia. "Akaniuliza kama maji yalikuwa ya baridi siku ile. Nilimwambia sikumbuki. Akasema, yeye alikuwa akidhani Bun-i alikwenda kunywa chai."

Ji-ye alijaribu kumlipa Mun-seok kazi ile, akakataliwa, akajaribu kupitia kwa Gyeong-ran, ambaye alipokea nusu na kusema nusu nyingine Ji-ye ameshaifidia kwa kuuza keki. Tangu hapo hakuna sanduku linalotoka mikononi mwa Mun-seok bila namba nyeupe kwenye kila diski na kila droo. Wateja walioziba taa kwa mkanda amewafuata mmoja mmoja, akaubandua kwa mkono wake.

Sasa ana mpango mwingine. Jumba la wazee la Daepyeong lina stoo ambayo haina kitu ila viti vilivyovunjika. Ameandika barua wilayani kuiomba. Anataka kuweka humo sanduku moja, na jingine kama hilo kwenye maktaba ng'ambo ya daraja, yote mawili yakitunza mazungumzo ya kila mwanamke wa nyundo aliyebaki, na maneno yake yameandikwa kwa herufi kubwa. Sanduku la kwanza amekwishalinunua. Wilaya bado haijajibu.

Wanawake wenyewe wamelipokea jambo hilo kwa namna zao. Mmoja alimuuliza kama kweli akifa atakaa ndani ya sanduku pamoja na Noh Deok-nam. Mun-seok alimhakikishia kuwa ndivyo.

"Basi mimi niweke droo ya mwisho," mama yule akasema. "Yeye anapiga kelele."

Ji-ye anarudi na kamera wiki ijayo, kabichi za kimchi, achari ya majira ya baridi, zikishatiwa chumvi. Kikao hicho hakikuwa kwenye mipango yake. Deok-nam ndiye aliyekiomba. Anataka benchi lilelile, nje ya jumba lilelile, naye akae upande wake na upande wa pili uachwe wazi. Mun-seok ataleta diski mpya mbili, moja ya kubaki na moja ya kuvuka daraja, kisha ataondoka mpaka aitwe. Hilo pia ni agizo la mama yake.

Mwandishi wa habari hii alipomwandikia kwenye karatasi kumuuliza atasema nini siku hiyo, Deok-nam aliisoma karatasi silabi moja moja, akaikunja, akairudisha.

"Hayo si yako," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi gatini. "Nitamjibu Bun-i. Nyie mtasoma baadaye."